Kwa Nini Nyasi za Nakuru Hugeuka

Kila masika yanapokolea Nakuru, lalamiko moja hurudi. Mwenye nyumba wa Milimani, Kiamunyi au Lanet alinunua magunia ya nyasi ya Pemba au Cape Royal, akalipa watu wa kuipanda, akaimwagilia miezi mitatu mfululizo. Mwaka wa tatu anatoka uani na haoni alichonunua. Huku kuna kikuyu, kule ukoka, katikati klova, na chini ya mjakaranda kuna kitu asichokijua hata jina. Muuza miche analaumiwa kwamba alichanganya magunia. Kijana wa mashine ya kukatia nyasi analaumiwa kwamba alikwangua mno. Wapo wanaosema udongo umechoka, na wapo wanaosema mvua si zile za zamani.

Kila lawama ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Gunia la nyasi mara nyingi huja na vipande vya nyasi nyingine, na mashine kweli hukwangua. Lakini hata ukizijumlisha lawama zote, hujaeleza kwa nini nyua za mtaa mmoja, zilizopandwa nyasi tofauti na watu tofauti, huishia kufanana. Kinachozifananisha ni namna zinavyokatwa: kimo cha mkato, mara ngapi kwa mwezi, na majani yaliyokatwa yanapelekwa wapi. Maji, mbolea na kivuli vina sauti, ila vinazungumza kupitia mkato.

Wakazi wa uwanja

Tuanze na mwenyeji. Kikuyu, ambayo wanasayansi waliiita Pennisetum clandestinum na siku hizi huiweka katika jenasi ya Cenchrus, ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Makao yake ya asili ni kati ya mita 1,950 na 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari, penye mvua ya milimita elfu moja na zaidi kwa mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 vipande vilivyochukuliwa karibu na Ziwa Naivasha vilipelekwa Pretoria, na Afrika Kusini ikawa mojawapo ya milango iliyoitoa duniani. Leo kikuyu imefunika njia za klabu ya gofu ya Riviera huko Los Angeles, na papo hapo serikali ya Marekani imeiweka katika orodha ya magugu hatari. Ndiyo nyasi ile ile ambayo mtu wa Nakuru huing'oa ili apande ya gunia.

Neno clandestinum ni la Kilatini, maana yake kilichofichwa. Maua ya kikuyu hukaa ndani ya ala za majani, karibu kabisa na ardhi. Kata uwanja wa kikuyu wakati wa mvua, kisha utazame baada ya siku chache, asubuhi mapema: utauona umetandwa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, kana kwamba baridi imeganda juu yake. Hizo ndizo nyuzi zinazobeba chavua. Mkato umeichochea kuchanua, na mbegu zitajifunga chini ya makali, mahali ambapo kisu hakifiki. Mtu aliyeikata akidhani anaizuia kuzaa ameisaidia kuzaa.

Ukoka ni mwingine. Jani lake ni jembamba, rangi yake yaelekea kijivu, na chini ya ardhi una mashina magumu yanayosubiri ukame upite. Haupendi kivuli hata kidogo. Ndugu yake mkubwa ni nyasi nyota, na mojawapo ya aina zake hujulikana katika vitabu vya malisho kwa jina la Naivasha. Nyasi ya Pemba ni mgeni kutoka pwani, yenye jani pana na shina bapa. Inavumilia kivuli kuliko wenzake wote, lakini baridi ya milimani na kisu cha chini huiumiza.

Halafu wapo wasioalikwa. Sangari, ambayo wakulima wa ngano na mahindi wa Njoro wanaijua kwa uchungu, husafiri chini kwa chini. Ndago huchomoza siku mbili baada ya mkato, imewazidi wenzake kimo. Wimbi mwitu hujilaza bapa kwenye njia ya miguu, pale udongo uliposhindiliwa. Na kuna klova ya Kenya, mwenyeji halisi wa nyanda hizi, ambayo kwa macho ya wengi ni gugu na kwa udongo ni kiwanda kidogo cha naitrojeni.

Mashine inavyochagua

Mashine haijui jina la nyasi. Inachojua ni kimo. Mmea wowote unaobeba ncha yake ya kukua juu ya makali hukatwa kichwa. Unaoibeba chini hubaki. Ndiyo maana kishonanguo, kinachojaa kila mahali wiki za kwanza baada ya kupanda, hupotea chenyewe uwanja ukikatwa mara kadhaa. Haihitajiki dawa. Mimea ya kusimama wima huondoka kwanza, ile ya kujilaza na ya kutambaa ikarithi.

Baada ya hapo vita ni kati ya watambaao wenyewe, na hapa mashine inaamua kwa njia ya mwanga. Mkato wa chini huruhusu jua lifike ardhini, na hilo humfaa ukoka, klova na mbegu yoyote iliyolala. Mkato wa juu huacha kivuli kwenye shina, na kikuyu yenye maji ya kutosha hukitumia kuwafunika majirani. Chukua panga ukate kipande cha uwanja wa kikuyu wa miaka mitano, ukiinue kama unavyoinua kipande cha keki. Juu kuna majani mabichi, unene wa kidole. Katikati kuna godoro la mashina ya rangi ya majani makavu, vidole viwili au vitatu, ambalo limekaa hewani na linarudisha mguu ukilikanyaga. Udongo uko chini ya yote hayo. Aliyeshusha kisu ghafla kwenye uwanja kama huo hakuikata nyasi, alikata godoro. Yale mabaka ya kahawia yanayozua ugomvi na kijana wa mashine chanzo chake ni hicho.

Jambo la tatu ni chakula. Majani yaliyokatwa yana naitrojeni ya asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake mkavu, na potasiamu si haba. Nakuru, nyasi iliyokatwa haikosi mwenyewe: sungura, mbuzi, ng'ombe wa jirani. Kila gunia linalotoka getini linatoka na mbolea. Miaka miwili ya hivyo na kikuyu, ambayo ni mlafi wa naitrojeni, huanza kukonda, klova ikaingia kwenye mianya kwa sababu inajitengenezea yake. Kisha klova hulisha udongo, na kikuyu hurudi kula kilichowekwa. Mtu anayeona klova mwaka huu na kikuyu mwaka kesho hudhani uwanja umerukwa na akili. Ni deni linalipwa.

Ushahidi wa mbali unaelekea wapi

Katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, Charles Darwin alitaja kijiwanja cha nyasi cha futi tatu kwa nne kilichozoea kukatwa. Kilipoachwa kirefuke, spishi 9 kati ya 20 zilitoweka, zikiwa zimesongwa na zenye nguvu. Miaka mitatu kabla ya hapo, John Lawes na Joseph Gilbert walianza jaribio la malisho huko Rothamsted, Uingereza, ambalo linaendelea hadi leo. Vipande visivyotiwa mbolea vimebaki na makumi ya spishi; vilivyotiwa chumvi za amonia mwaka baada ya mwaka bila chokaa vimebaki na chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wengi huchukua somo la Darwin kama lilivyo: kukata hulinda wanyonge. Katika Bonde la Ufa somo hilo linahitaji kugeuzwa kidogo. Uingereza, mwenye nguvu ni mrefu, kwa hiyo kisu humpunguza yeye kwanza. Hapa kwetu mwenye nguvu kuliko wote amelala chini. Kikuyu hupita chini ya makali pamoja na wanyonge wenyewe, kisha huendelea kuwasonga huko huko chini.

Sababu yake iliwahi kuelezwa vizuri na Samuel McNaughton, mwanaikolojia aliyefanya kazi miaka mingi Serengeti. Mwaka 1984 aliandika juu ya viwanja vya nyasi vinavyotengenezwa na makundi ya wanyama: wanyama wakila pamoja na kwa kurudia, nyasi fupi zenye majani mengi karibu na ardhi hushika nafasi, na ukizungushia ua ili wanyama wasiingie, ndefu huchukua mahali pao. Nyasi za ukanda huu zimekatwa tangu kabla ya mashine kuwapo. Anayetaka kuona aende Naivasha, kwenye hoteli za kando ya ziwa. Usiku viboko hupanda kutoka majini na kula uwanja kwa midomo yao mipana, kila mmoja akimaliza kama kilo 40. Asubuhi mtunza bustani hukuta kazi nusu imefanyika, na samadi juu yake.

Hoja ya kung'oa na kuanza upya

Hii ndiyo hoja ya wauza miche na ya wasanifu wengi wa bustani: uwanja mchanganyiko ni uwanja ulioshindwa, ung'oe, upande aina moja safi. Nguvu yake ni kwamba aina moja hupendeza macho, hukua kwa kasi moja, na mtu hujua ailishe nini. Chini ya miti mikubwa ya Milimani, nyasi ya Pemba kweli hufanya kazi ambayo kikuyu na ukoka haviwezi.

Udhaifu wake ni kwamba haiondoi chanzo. Kifundo kimoja cha kikuyu kilichobaki kwenye udongo huota mizizi. Mashine ya kukodi, inayozunguka nyumba kumi kwa wiki, hubeba vipande kutoka ua hadi ua. Na samadi, ambayo kila mtu huimwaga kabla ya kupanda, hutoka kwa ng'ombe waliokula kikuyu huko Njoro au Molo. Mbegu zake hupita tumboni zikiwa hai. Mwenye nyumba ameng'oa kikuyu Februari, akaipanda tena Machi kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anaweka mbolea. Kuna dawa zinazoua magugu ya majani mapana bila kugusa nyasi, nazo zitaondoa klova. Lakini kuitenga nyasi moja na nyasi ndugu yake kwa dawa, katika ua wa kawaida, karibu hakuwezekani.

Hoja ya kukata fupi

Wapenzi wa gofu na mpira hukata fupi na mara kwa mara, na matokeo yao huonekana ni ushahidi tosha. Ukoka ukikatwa kwa sentimita moja au mbili hujaza, hutoa vichipukizi pembeni, na kuwa zulia. Ukiunyima uwanja maji ya ziada na naitrojeni ya ziada, kikuyu hupoteza kasi na ukoka hupata nafasi. Kukata fupi peke yake hakumalizi kikuyu. Njaa na kiu ndivyo vinavyomaliza kazi.

Kinachosahauliwa ni gharama. Kanuni ya watunza nyasi ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Uwanja wa sentimita mbili unapaswa kukatwa ukifika tatu, na Aprili hiyo ni suala la siku chache tu. Anayekata kila wiki mbili kwa kimo hicho anaondoa nusu na zaidi, na mizizi hufa kwa kadiri jani lilivyopotea. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi, unaokunywa maji haraka na kukauka haraka. Ukiwa uchi hupeperuka. Inasemekana jina la Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, na Februari hakuna anayelibishia. Uwanja uliokwanguliwa Januari hurudisha mji kwenye jina lake, na mvua ya kwanza huotesha kila mbegu iliyokuwa inangoja mwanga.

Hoja ya kuiacha irefuke

Kinyume chake ni slasha mara moja kwa mwezi, au pale wageni wanapokuja. Kwa shule, makanisa na viwanja vya serikali, hili mara nyingi si hoja bali ni bajeti. Jani refu hutia kivuli udongo, huokoa maji, na mizizi hushuka. Ila kwa kikuyu huo ndio mwanzo wa godoro, na kila slasha inapopita hubakiza mashina makavu. Klova hufa gizani. Sangari hupanda ndani ya godoro, na ikishaingia humo hakuna anayeitoa bila jembe. Uwanja wa aina hii hukaa miaka mingi bila shida inayoonekana, kisha siku moja mtu analeta mashine na kuulaumu mkato kwa jambo lililojengwa na kutokukata.

Hoja ya kuuacha mchanganyiko

Hoja hii ina watetezi wachache kwa sababu haina cha kuuza. Inasema uwanja uliojichanganya umejipanga: Pemba chini ya mti, ukoka kando ya barabara ya gari penye jua na changarawe, kikuyu katikati, klova penye njaa. Hata lile baka la kijani kibichi lisilokauka mwezi wa pili mwenye nyumba hulijua sababu yake. Shimo la maji machafu liko chini. Uwanja kama huo ni ramani ya maji na mwanga iliyochorwa bure. Ugonjwa au ukame ukimpiga mmoja, mwingine hufunika.

Udhaifu wake usifichwe. Uwanja huo hauna rangi moja. Kiangazi una mabaka, mvua ikinyesha una vimo viwili kabla ya Jumamosi. Klova ikichanua huvuta nyuki, na watoto hutembea pekupeku. Isitoshe, katika ua wenye maji mengi na mbolea nyingi ya CAN mchanganyiko haudumu. Huo ni njia ya kupitia tu, mwisho wake ni kikuyu. Rothamsted imelionyesha hilo kwa nyasi nyingine kabisa.

Molo, Nakuru, Naivasha

Mizani haiwezi kuwa moja kwa bonde zima. Molo, kwenye mita 2,500 hivi na mvua zaidi ya milimita 1,100, kikuyu iko nyumbani kwake. Kuleta nyasi ya pwani huko ni kumwalika mgeni kwenye baridi. Mwenye ua wa Molo apigane na godoro tu: akate mara kwa mara kwa sentimita nne hivi, achane mashina makavu mwanzo wa mvua, basi.

Naivasha iko katika kivuli cha mvua cha milima ya Nyandarua, na hupata milimita 600 na ushei. Kimo chake na cha Nakuru juu ya usawa wa bahari havipishani sana, lakini bila bomba kikuyu hukonda na ukoka hutawala. Anayetumia maji ya kisima chenye chumvi atauona mgeuko huo mapema zaidi.

Nakuru ndiyo yenye utata, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndipo mkanganyiko wote unapotoka. Mji uko mita 1,850 hivi, chini kidogo ya mpaka wa asili wa kikuyu, na mvua yake, ya Aprili, ya Agosti na ya Novemba, inakaribia milimita elfu moja bila kufika kila mwaka. Hapo kikuyu na ukoka hukaribiana nguvu, na jambo dogo huipindua mizani: mpira wa maji, mfuko mmoja wa CAN, kisu kilichoshushwa tundu moja. Ndiyo maana majirani wawili wa mtaa wa Section 58 wanaweza kuwa na viwanja viwili tofauti kwenye udongo mmoja, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake alinunua gunia bora.

Kwa ua wa kawaida wa Nakuru, hoja ya mchanganyiko ina uzito zaidi, kwa sharti la mkato wa sentimita nne hadi tano, kila uwanja ukifika sita au saba, na majani yaachwe pale pale angalau nusu ya mwaka. Pemba ibaki chini ya miti, isilazimishwe juani. Kung'oa kuna maana mahali pamoja tu, ambapo sangari imeshika, na hapo kazi ni ya msimu mzima wa kiangazi, jembe juu ya jembe, samadi iliyooza vizuri ikija mwisho. Mwenye nafasi, maji na mashine ya kisu cha silinda anaweza kuchagua ukoka mfupi. Wengi hawana hivyo vitatu kwa pamoja.

Na kabla ya gunia lolote kununuliwa, kimo cha mashine iliyopo kipimwe. Namba zilizoandikwa kwenye gurudumu mara nyingi si sentimita, ni matundu tu. Mashine isimamishwe kwenye sakafu ya saruji, imezimwa, plagi imechomolewa au waya wa plagi ya injini ya petroli umetolewa, kisha ipimwe kutoka sakafuni hadi kwenye ncha ya kisu. Rula ya mtoto wa shule inatosha.